Hann. Münden: Mji Ulioishi kwa Kusimamisha Mashua

Kwenye ncha ya kisiwa kidogo kiitwacho Tanzwerder, kusini mwa jimbo la Niedersachsen nchini Ujerumani, katika mji wa Hann. Münden, kuna jiwe kubwa lililochongwa maandishi mwaka 1899. Simama kando yake ukiangalia kule maji yanakoelekea. Kushoto kwako unakuja mto Fulda, kulia unakuja Werra. Hatua chache mbele mito hiyo miwili inachanganyika na kuanza kuitwa Weser, na hapo ndipo wanamaji wa Weser wanapoanzia kuhesabu: kilomita 0.

Shairi lililoandikwa juu ya jiwe linajulikana na kila mtoto wa shule wa pale. Kwa Kiswahili lingesomeka hivi: Werra na Fulda inapobusiana, haina budi kuyaacha majina yake, na kwa busu hilo huzaliwa hapa, Mjerumani hadi baharini, mto Weser.

Ni shairi tamu, ila lina kasoro moja ambayo inafaa kuijua kabla hujaondoka jiweni. Werra na Weser ni jina lilelile. Zamani mto wote, kutoka milima ya Thüringen hadi bahari ya Kaskazini, uliitwa kwa namna moja. Ni matamshi ya watu wa juu na watu wa chini yaliyoutenganisha kwa karne nyingi mpaka ukaonekana mito miwili. Aliyelipoteza jina ni Fulda peke yake. Werra ina urefu wa karibu kilomita 300, Fulda kama 220, na Weser kutoka jiweni hadi baharini ni kilomita 450 hivi. Kwa hiyo ukiuhesabu mto huu kwa haki yake, ni mto mmoja wa kilomita 750, na jiwe la busu limesimama katikati ya safari.

Jina la mji nalo linatokana na maji. Münden maana yake ni mahali pa midomo ya mito. Kuitamka "ü" ya jina hilo, kaza midomo kama anayepiga mluzi huku ulimi ukisema "i". Kifupisho "Hann." kinasimama badala ya Hannover, dola lililoumiliki mji zamani, na kiliongezwa ili barua na mizigo visipotelee Minden, mji mwingine ulioko kwenye Weser hiyohiyo, kilomita 200 hivi chini zaidi.

Jambo jingine la jiweni ni chumvi. Maji ya Fulda ni baridi, matamu kama ya mto wowote. Maji ya Werra yana chumvi, kwa sababu juu kule, pande za Heringen na Philippsthal, yapo machimbo ya chumvi ya potashi inayotengenezewa mbolea, na kwa zaidi ya karne moja maji machafu ya machimbo yamekuwa yakimwagwa mtoni. Kwa miaka mingi kikomo kilichoruhusiwa kilikuwa miligramu 2,500 za kloridi kwa lita. Maji ya bahari yana kama 19,000, kwa hiyo piga hesabu: sehemu moja ya nane ya bahari, katikati ya bara, mamia ya kilomita kutoka pwani. Na kikomo hicho kilivukwa sana enzi ya Ujerumani Mashariki. Wadudu wa majini wa asili walipungua hata wataalamu mwaka 1957 wakaleta kidudu cha jamii ya kamba kinachostahimili maji ya chumvichumvi ili samaki wapate chakula. Leo hali imekuwa afadhali, lakini ukilisimulia busu la mito miwili bila kuitaja chumvi, umesimulia nusu.

Haki ya kusimamisha

Mwaka 1247 mji uliondoka mikononi mwa watawala wa Thüringen ukaingia kwa ukoo wa Welf. Mtawala mpya, Otto aliyeitwa Mtoto, aliuthibitishia mji haki moja iliyoulisha kwa miaka 576: haki ya kushushwa mizigo. Hakuna mashua iliyoruhusiwa kupita Münden kutoka Werra au Fulda kuingia Weser, wala kutoka Weser kupanda juu, na shehena yake. Kila kilichoko ndani kilishushwa, kikawekwa mbele ya wafanyabiashara wa mji kwa siku kadhaa ili wanunue watakacho, na kilichobaki kikapakiwa tena kwenye mashua za watu wa Münden wenyewe. Ushuru ulilipwa, wachukuzi walilipwa, wenye maghala walilipwa, wenye nyumba za wageni walilipwa.

Kwa nini wasafirishaji walikubali? Wengine hawakukubali, walishtaki na kugombana karne kwa karne. Lakini maumbile yaliusaidia mji. Werra na Fulda ni mito ya kina kifupi, inayopitisha mashua ndogo. Weser inabeba kubwa. Kwenye makutano yenyewe kuna vizuizi vya maji vya vinu na mkondo wa kasi. Hata bila sheria, mtu mwenye akili angehamishia mizigo yake hapa. Sheria iligeuza usumbufu wa mto kuwa kodi.

Walioshuka walileta nafaka, mbao na majani ya rangi ya buluu kutoka Thüringen, rangi iliyotia nguo za Ulaya samawati kabla ya nili ya Bara Hindi kufika kwa wingi. Waliopanda walileta samaki wa chumvi na bidhaa za bandari ya Bremen. Kushuka kulikuwa rahisi, mto unakubeba. Kupanda kulikuwa kazi ya wiki kadhaa: mashua tatu zilifungwa mkia kwa kichwa, ya mbele kubwa zaidi ikiitwa Bock, yenye urefu wa zaidi ya mita 30, ya pili Hinterhang, na ndogo ya mwisho Bulle. Msafara huo ulivutwa kwa kamba ndefu kutoka ukingoni, na watu kwanza, baadaye farasi. Kamba ikikwama kwenye mti au ukingo ukimomonyoka, msafara wote uliburutwa nyuma na mkondo. Mashua ndogo ya nyuma nayo ilikuwa na kazi yake: vitu vizito viligawanywa ili mashua ya mbele isizame sana mahali pa kina kifupi, na palipokuwa pabaya sana mizigo ilihamishwa kutoka moja hadi nyingine.

Aliyeionja haki hii kwa uchungu kuliko wote ni Denis Papin, Mfaransa Mprotestanti aliyezaliwa mwaka 1647, yule aliyebuni chungu cha mvuke mwaka 1679, babu wa sufuria zetu za presha. Alikuwa akimtumikia mtawala wa Hesse mjini Kassel. Septemba 1707 aliamua kuhamia Uingereza na familia yake, akapakia vitu vyake kwenye mashua aliyoiunda mwenyewe yenye magurudumu ya makasia pembeni, akashuka Fulda hadi Münden. Alikuwa ameomba kibali cha kupita, hakukipata. Chama cha manahodha wa Münden kiliikamata mashua, kikaiburuta nchi kavu na kuibomoa. Utasoma mara nyingi kwamba hiyo ilikuwa meli ya mvuke ya kwanza duniani. Haikuwa. Magurudumu yalizungushwa kwa mikono. Papin alikuwa na mawazo ya mvuke kichwani, lakini kilichovunjwa Münden ni mashua ya mikono ya mtu aliyekuwa akihama.

Mabwana wa Hesse nao walichoka. Mwaka 1699 mtawala wao, Landgraf Karl, alianzisha mji mpya chini ya Münden kwenye Weser, unaoitwa sasa Bad Karlshafen, na akaanza kuchimba mfereji wa kuelekea Kassel ili mizigo yake isiguse Münden kabisa. Alipofariki mwaka 1730 mfereji uliachwa. Kilichoiua haki ya kushusha mizigo ni mkataba wa nchi za Weser wa mwaka 1823, na kilichoua biashara yenyewe ni reli iliyofika mwaka 1856. Hapo mji ukawa maskini. Na umaskini huo ndio sababu nyumba zake za kale zipo hadi leo: hapakuwa na fedha za kuzibomoa na kujenga mpya.

Nyumba za kukandika

Mjini kuna zaidi ya nyumba 700 za viunzi vya mbao, zilizojengwa ndani ya muda wa karne sita. Watalii huzipiga picha kwa rangi zake. Mimi nadhani msomaji wa Kiswahili ana njia fupi zaidi ya kuzielewa, kwa sababu ni nyumba za kukandika. Anayejua nguzo, fito, mtambaapanya na udongo wa kusindilia kwa viganja, anajua nusu ya useremala wa Münden.

Zinajengwa hivi. Chini kabisa kuna msingi wa mawe mekundu ya mchanga, yanayochimbwa kwenye milima ya jirani. Juu ya mawe hulazwa boriti nene ya mwaloni. Juu ya boriti husimamishwa nguzo, kila moja ikichongwa ulimi chini na juu, na ulimi huo kuingizwa kwenye tundu la boriti na kufungwa kwa kigingi cha mwaloni, bila msumari. Kati ya nguzo na boriti hutiwa mbao za mshazari, kwa sababu mraba wa mbao bila mshazari hulala upande upepo ukiusukuma. Kisha nafasi zilizobaki wazi hujazwa: vijiti vya mwaloni husimamishwa kwenye mifereji iliyochongwa, fito laini hufumwa kuvipitia kama jamvi, na udongo uliochanganywa na mabua yaliyokatwa husukumwa kutoka pande zote mbili mpaka ukutane katikati. Ukuta mzima una unene wa sentimita 12 hadi 16. Mwisho hupakwa lipu nyembamba ya chokaa.

Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi, kwa kuwa mkavu unakuwa mgumu kama chuma. Ulikauka ukiwa tayari umesimama ukutani, ukajipinda, ukasinyaa. Ndiyo maana nyumba zinaegemeana na sakafu zinateremka. Si dalili ya kuanguka. Zimekuwa hivyo tangu wajukuu wa mafundi.

Ukitaka kukisia umri wa nyumba, tazama mahali ghorofa moja inapoikalia nyingine. Nyumba za zamani zaidi hutokeza mtaani kwa kila ghorofa, na mtokezo umebebwa na vitegemeo vinene vya mbao vilivyochongwa. Karne ya 16 huleta mapambo ya nusu duara kama kipepeo cha mkono au jua linalochomoza, yaliyochongwa chini ya madirisha. Karne ya 17 mapambo yanakuwa mengi na mtokezo unapungua. Karne ya 18 ukuta umenyooka, mbao nyembamba, mapambo hakuna. Mwaloni mzuri ulikuwa umekuwa ghali na mitindo ya mawe ilitamaniwa, hivyo wengi waliufunika mti wote kwa lipu ili nyumba ionekane ya mawe. Pia Münden iko mpakani. Mtindo wa kaskazini hupenda nguzo zilizopangwa kwa karibu na michoro kwenye boriti. Mtindo wa Hesse hupenda umbo ambalo Wajerumani huliita "mtu wa mwituni", nguzo katikati na mbao za mshazari juu na chini kama mikono na miguu iliyotanuliwa. Hapa utaikuta mitindo yote miwili kwenye mtaa mmoja.

Adui wa nyumba ya kukandika ya pwani yetu ni mchwa. Adui wa hizi ni maji yaliyonaswa. Udongo una tabia njema: hukaa mkavu kuliko mti, kwa hiyo huunyonya unyevu kutoka kwenye mbao na kuutoa nje. Nyumba ikipigwa na mvua leo, wiki ijayo imekauka. Uharibifu mkubwa ulifanywa katika karne ya 20 na watu waliokuwa na nia nzuri. Waling'oa udongo wakatia matofali na saruji. Saruji haipumui wala haijongei. Mti ukisinyaa, ufa wa unene wa kucha hubaki kati yake na saruji, mvua huingia humo na haina pa kutokea. Wakaziba ufa kwa gundi za plastiki, na gundi ikaifungia mvua ndani. Wakapaka mbao rangi za plastiki, zikafanya ngozi nzuri inayong'aa nje huku ndani mti unageuka unga. Wakapiga lipu nene iliyotokeza mbele ya mbao, na kila tokezo likawa kijirafu cha kukusanyia matone. Jambo la kwanza kuoza siku zote ni boriti ya chini, hasa pale barabara ilipoinuliwa kwa lami miaka ya karibuni na maji ya mtaa yakaanza kuilamba.

Marekebisho ya kweli huenda polepole. Kwanza nyumba inashikwa kwa jeki na magogo. Fundi huchoma mti kwa bisibisi au kuugonga kwa nyundo kusikiliza: mzima hulia, mbovu hunyamaza. Kilichooza hukatwa hadi kufikia mti mzima, na si zaidi. Kipande kipya cha mwaloni, mara nyingi kutoka nyumba nyingine ya kale ili kisisinyae tena, huunganishwa kwa mkato wa mshazari ulioinama kuelekea nje, ili maji yakiingia yateremke mtaani wala si ndani. Udongo mkuukuu haupotei: hulowekwa, hukandwa upya na mabua na kurudishwa ukutani kwa tabaka, kila tabaka likiachwa likauke. Ukiharakisha, hupasuka. Lipu ya chokaa huishia sawa na uso wa mbao, au ndani kidogo, na mbao hupakwa rangi ya mafuta ya kitani. Mtu akikuonyesha ukuta wa Münden na kukuuliza kama umetengenezwa vizuri, angalia pale lipu inapokutana na mti. Jibu liko hapo.

Katika mji wa watu 24,000 hivi, kuzitunza nyumba 700 ni mzigo. Zipo zilizobaki tupu kwa miaka, kwa kuwa vyumba ni vidogo, dari ni fupi, na familia zinataka bustani. Wakazi walianzisha ushirika wa kununua nyumba zilizoachwa, na mwaka 2013 waliikarabati moja kwa siku 9 mfululizo, mchana na usiku, kwa zamu za watu wa kujitolea. Kwa maoni yangu hilo ni tukio kubwa kuliko sanamu yoyote iliyoko mjini.

Jumba la mji na daktari wake

Jumba la halmashauri lina mwili wa karne ya 14 na uso wa karne ya 17. Uso huo ulijengwa kati ya 1603 na 1618 na Georg Crossmann, fundi wa Lemgo, kwa mtindo wanaouita Renaissance ya Weser: vilele vya paa vilivyopandishwa ngazi kwa ngazi, mizingo ya mawe kama karatasi iliyoviringishwa, nguzo za kupamba tu. Ulikamilika mwaka uleule Vita vya Miaka 30 vilipoanza.

Saa 6 mchana, saa 9 alasiri na saa 11 jioni, kengele hulia juu ya uso huo na vijisanamu hutoka: daktari, mgonjwa, koleo la kung'olea jino. Ni Johann Andreas Eisenbarth, aliyezaliwa mwaka 1663 Oberviechtach na kufia Münden tarehe 11 Novemba 1727 katika nyumba ya wageni, akiwa safarini. Jiwe lake la kaburi liko kwenye ukuta wa kanisa la Mtakatifu Aegidius, na linafaa kutembelewa, kwa sababu vijisanamu vinamdhulumu.

Eisenbarth alikuwa mpasuaji hodari. Hakwenda chuo kikuu; wapasuaji wa enzi hiyo walijifunza kazi kama mafundi. Alitibu ngiri, mawe ya kibofu na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ulitibiwa kwa kuingiza sindano pembeni mwa jicho na kuisukuma chini lenzi iliyoingia ukungu, mwanga ukapata njia. Mgonjwa aliona, ingawa kwa ukungu wa mtu asiye na lenzi; na jicho likishika uchafu, lilipotea. Aliboresha sindano ya kazi hiyo mwenyewe. Mwaka 1716 mfalme wa Prussia alimwita kulitibu jicho la ofisa wake, na baadaye akampa cheo cha mganga wa macho wa ikulu. Alisafiri na msafara ulioweza kufikia watu 120, wakiwemo wapiga muziki na wachekeshaji. Wengine husema muziki ulifunika vilio vya wagonjwa, lakini pia ndiyo iliyokuwa njia ya kutangaza kazi sokoni. Kama miaka 70 baada ya kifo chake wanafunzi wa Göttingen walitunga wimbo wa kumdhihaki kama tapeli, na wimbo ukamshinda marehemu. Ujerumani nzima ikamjua kwa dhihaka hiyo.

Kanisa, ngome, mnara wa risasi

Karibu na jumba la mji liko kanisa la Mtakatifu Blasius. Kabla ya kuingia, tafuta maandishi ya Kilatini yaliyochongwa ukutani nje. Yanasema kwamba tarehe 24 Julai 1342 mafuriko ya "Wesere" na Fulda yalifika kwenye kitako cha jiwe hilo la mraba. Ni kumbukumbu ya gharika ya Mtakatifu Magdalena, mafuriko mabaya kuliko yote yanayojulikana Ulaya ya Kati. Na tazama: mwandishi wa 1342 ameuita mto wa mashariki Wesere. Ushahidi wa jina moja umechongwa ukutani, dakika chache kwa miguu kutoka kwenye jiwe la busu.

Ndani amezikwa mtawala Erich wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1540. Mjane wake, Elisabeth wa Brandenburg, ndiye aliyeongoza nchi ya mumewe kuingia Uluteri miaka ileile, na watu wa Münden wanamkumbuka kuliko mumewe. Ngome yao iko ukingoni mwa Werra. Iliungua mwaka 1560, mtoto wao Erich wa Pili akaijenga upya. Vyumba viwili bado vina michoro ya ukutani ya wakati huo, na makumbusho ya mji yako humohumo.

Siku za Pentekoste, mwishoni mwa Mei 1626, jeshi la Tilly, jenerali wa upande wa Wakatoliki katika Vita vya Miaka 30, lilivunja kuta na kuua watu wanaokadiriwa kuzidi 2,000. Mnara wa Tillyschanze wenye mita 25, uliojengwa 1881 hadi 1885 kwenye mteremko wa ng'ambo ya Fulda, unabeba jina la aliyeuchinja mji. Nafahamu kwamba jina lilitokana na handaki la vita, lakini bado linauma.

Mnara ninaoupendekeza zaidi ni ule wa lango la kivuko, uliokuwa sehemu ya ukuta wa mji. Katika karne ya 19 uliinuliwa na kugeuzwa kuwa kiwanda cha marisau, vile vidonge vya bunduki za ndege. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana risasi ni madini na ni kitu cha kupigia. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi. Huyeyushwa juu mnarani ikatiwa aseniki kidogo, ikamwagwa kupitia kichungio chenye matundu. Kila tone linapoanguka hujivuta lenyewe kuwa duara, hupoa njiani na kutumbukia kwenye pipa la maji. Mnara ukiwa mfupi, tone hufika bado laini na kubanjika.  Aseniki ikikosekana, tone halikazi uviringo. Chini, vidonge viliachwa vibingirike kwenye ubao ulioinama: vya duara viliruka mwanya, vyenye kasoro viliangukia ndani na kurudishwa chunguni.

Ukienda

Treni ya mkoa kutoka Kassel inachukua chini ya nusu saa, na reli hiyohiyo inakwenda Göttingen. Kutoka stesheni ni mwendo wa dakika 10 hadi mji wa kale. Vaa viatu vya soli nene. Mawe ya mitaani ni ya kweli na yakilowa huteleza. Jumatatu ni siku mbaya, makumbusho mengi ya Ujerumani hufungwa. Tillyschanze panda alasiri, kwa kuwa mnara uko magharibi na jua litakuwa mgongoni mwako likimulika mapaa mekundu. Daraja la kale la Werra, la mawe, lililotajwa kwenye hati mwaka 1329, lipite kwa miguu hadi mtaa wa Blume, kisha geuka: ukuta, ngome na minara inaonekana pamoja kutoka upande ambao wafanyabiashara wa Thüringen waliuona mji.

Kwa baiskeli, njia za Werra na Fulda zinakutana hapa na njia ya Weser inaanza, kama kilomita 520 hadi Cuxhaven baharini. Kwa mashua, uliza kwanza kina. Kiangazi Weser ya juu hutegemea maji yanayofunguliwa kutoka bwawa la Eder, lililokamilika mwaka 1914 likiwa na nafasi ya karibu mita za ujazo milioni 200. Kwa desturi lengo lilikuwa kukishika kipimo cha Münden kwenye mita 1.20 hivi. Mwaka wa ukame bwawa huisha mapema na mashua za watalii hufunga gati. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943 ndege za Uingereza zililipasua bwawa hilo kwa mabomu, na wimbi likashuka Eder, likaingia Fulda, likapita hapahapa.

Waliobebwa na Weser kutoka Münden hawakuwa mizigo tu. Kuanzia 1776 vijana wa Hesse waliokodishwa na mtawala wao kwa mfalme wa Uingereza walishushwa kwa mashua kuelekea bahari, kwenda kupigana vita vya uhuru vya Marekani. Wengi hawakurudi.

Na ukibaki na siku moja, panda Werra kilomita 20 hivi hadi Witzenhausen, mji wa miti ya cheri. Hapo, katika majengo ya monasteri ya zamani, ilianzishwa mwaka 1898 shule ya kikoloni iliyofundisha Wajerumani kilimo cha nchi za joto kabla ya kwenda kwenye makoloni, Afrika Mashariki ikiwemo, zama za mashamba ya mkonge na kahawa ya Usambara. Leo mahali hapo ni pa Chuo Kikuu cha Kassel, kitivo cha kilimo hai. Nyumba ya vioo bado ipo, na Januari theluji ikiwa imefunika paa la mtaa mzima, ndani yake kuna migomba, mikakao na mibuni.